Kwenda Mtae na shemeji mwenye kasi kuliko wewe

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi:

"Kocha, salaam. Nina miaka 41, naishi Tanga mjini. Kwa miaka miwili sasa naendesha baiskeli kwenda kazini, na Jumapili moja moja nafika Pongwe na kurudi. Mume wa dada yangu yuko Arusha, yeye ni mwendeshaji hasa, kila wikiendi yuko milimani. Amenialika Pasaka hii, wiki tano zijazo, tupande Usambara: Mombo hadi Mtae siku ya kwanza, tulale, kesho yake turudi hadi Mombo. Baiskeli ya mlima ninayo, ya mtumba, iko vizuri. Hofu yangu si mlima, ni yeye. Sitaki kumchelewesha, na kwa heshima tuliyonayo siwezi kumwambia apunguze mwendo. Nijiandaeje ili niende naye sambamba?"

Ndugu yangu, mwaliko huo ukubali. Ila tarehe mbadilishe, siku muongeze, na hilo la kwenda naye sambamba liondoe kabisa kichwani. Hutamfikia, si kwa wiki tano wala kwa miezi mitano, kwa sababu miezi hiyo mitano na yeye atakuwa anafanya mazoezi. Wala hakuna haja ya kumfikia. Safari ya watu wawili mlimani hupangwa kwa pumzi ya aliye nyuma, na jambo hilo linamhusu shemeji yako zaidi kuliko wewe.

Nianze na tarehe. Pasaka huangukia mwishoni mwa Machi au Aprili, na hapo masika yako juu ya Usambara yote. Ukitoka kwenye lami baada ya Lushoto, udongo mwekundu ukilowa hung'ang'ania tairi kama ugali kwenye mwiko. Unajaa kati ya tairi na uma wa baiskeli mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, unashuka, unakwangua na kijiti, unaendesha kidogo, unashuka tena. Kwenye mteremko udongo huohuo unateleza, na breki hazisaidii kitu. Nimewaona watu wenye miguu mizuri kabisa wakisukuma baiskeli asubuhi nzima mahali ambapo kiangazi wangepita wakipiga soga. Subirini Nane Nane. Agosti barabara ni kavu, na kwa kuwa ni sikukuu mtaunganisha na wikiendi bila kuomba likizo ndefu. Mtakutana na baridi, Lushoto usiku wa Agosti huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, lakini baridi dawa yake ni koti. Tope halina dawa.

Sasa siku. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, na mnapanda takribani mita 1,000. Kwa wastani ni mwinuko wa mita 3 kwa kila mita 100, ambao kwenye karatasi unaonekana mpole. Ugumu wake ni kwamba haukuachii: saa baada ya saa unapanda, na chini pale Mombo joto ni la tambarare. Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60 nyingine, sehemu kubwa vumbi na mawe, na milima yake ni ya kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kiasi kwamba jumla ya mita unazopanda inaweza kukushangaza ingawa Mtae yenyewe haiko juu sana kuliko ulikotoka. Kuyafanya yote hayo siku moja na kuyarudia kesho yake, shemeji yako anaweza. Wewe kwa sasa huwezi, na hata ukiweza hutafurahia. Fanyeni siku tatu: Mombo–Lushoto, Lushoto–Mtae, Mtae–Lushoto. Kutoka Lushoto kwenda Mombo mtashuka siku ya nne asubuhi mkiwa mmelala vizuri, au mpakie baiskeli juu ya basi kama kazi inawaita.

Nije kwenye hofu yako yenyewe, maana ndiyo iliyokufanya uandike.

Watu wawili wenye nguvu tofauti wanaweza kuendesha pamoja siku nzima kwenye tambarare bila shida. Mwenye nguvu anakaa mbele anakata upepo, wa nyuma anajificha kwenye mgongo wake na kuokoa sehemu kubwa ya nguvu. Mlimani msaada huo haupo. Ukipanda kwa kilomita 8 au 9 kwa saa, upepo unaoukata ni mdogo mno; karibu nguvu yako yote inakwenda kwenye kuinua uzito wako, wa baiskeli na wa mzigo. Ndiyo maana kumfuata mtu mwenye nguvu kwenye mlima ni kujiumiza bure: hakupunguzii chochote, anakuvuta tu utoke kwenye mwendo wako. Dakika ishirini za kwanza utajisikia uko naye. Dakika ya arobaini mapaja yanawaka. Baada ya hapo kila kilima kidogo kitakuadhibu mpaka jioni, kwa sababu misuli iliyochomwa asubuhi haipati nafuu ukiwa bado uko juu ya baiskeli.

Kwa hiyo mlimani wewe uwe mbele, yeye nyuma. Wengi hufanya kinyume. Aliye dhaifu akiwa mbele anachagua mwendo wake, hana mgongo wa kuukimbiza, na mwenye nguvu anamwona: anaona akiyumba, anaona bega likianza kushuka, anajua sasa ni wakati wa kusimama kabla hajaambiwa. Aliye nyuma na mwenye nguvu hapotezi kitu. Kwake safari inakuwa nyepesi, na siku ya pili atakushukuru.

Kule Afrika Kusini kuna mbio za Cape Epic, zilizoanza mwaka 2004. Ni siku 8 mfululizo za baiskeli milimani, na watu hushindana wawili wawili. Kanuni yake ni kwamba wenzi wasiachane kwa zaidi ya dakika 2. Wakizidisha wanaongezewa adhabu ya muda. Na saa ya timu haisimami mpaka yule wa pili avuke mstari. Mabingwa wa dunia hushiriki mbio hizo, na hata kati yao wenzi hawalingani kamwe: mmoja ana siku mbaya, mwingine nzuri, kesho wanabadilishana. Kinachowapa ushindi ni kujua kugawana kazi. Mwelezee shemeji yako habari hiyo. Mwendeshaji hasa ataielewa haraka kuliko maelezo yoyote kuhusu pumzi yako.

Na kugawana kazi kuna hesabu yake. Tuseme wewe, baiskeli na begi lako ni kilo 98. Ukimkabidhi shemeji kilo 4, yaani maji ya akiba, makoti na nguo za usiku, umepunguza karibu asilimia 4 ya kazi ya kupanda. Kwenye mita 1,000 za kupanda, hiyo ni kama dakika nne au tano kwa mtu wa kiwango chako, na kwake yeye inamwongezea muda pia, ingawa pungufu ya huo kwa kuwa ana nguvu zaidi. Pengo kati yenu limepungua pande zote mbili. Mwenye nguvu kubeba mzigo mkubwa si kukudhalilisha wewe, ndivyo wanavyofanya watu wanaojua.

Isipokuwa vifaa vya kutengenezea baiskeli. Pampu, tyubu, funguo na viraka abebe yule anayeweza kubaki nyuma, hasa kwenye miteremko, na huyo ni wewe. Ukipata pancha wakati mwenzako ameshakata kona mbili mbele na pampu iko mgongoni kwake, utakaa chini ya mti kumsubiri agundue kuwa haupo. Chakula nacho kila mtu abebe chake, na pesa taslimu mgawane.

Sasa, utamwambiaje bila kuvunja heshima? Ongea naye mapema, kwa simu, wiki nyingi kabla, wakati hakuna aliyechoka. Kuomba mwendo upunguzwe ukiwa katikati ya kilima, jasho linakuingia machoni, ndiko kunakoleta aibu. Kupanga kabla ni kupanga safari tu. Mwambie: "Shemeji, kocha amesema tupange hivi," unibebeshe mimi lawama, sina neno. Kisha mkubaliane juu ya namba. Kila baada ya nusu saa, yeye aliye nyuma aulize "namba?", na kila mmoja ataje moja hadi kumi jinsi anavyojisikia, moja ikiwa ni kama umekaa barazani na kumi huwezi tena. Siku ndefu ya mlimani uishi kwenye nne na tano. Sita ni ya kilima kikali. Ukitaja saba, mwendo unapungua hapohapo bila mjadala, bila "jikaze kidogo, tumekaribia." Namba haina malalamiko ndani yake, ndiyo uzuri wake kwa mashemeji. Lakini uitaje kweli. Mwanamume mwenye sita inayoelekea nane husema tano, na hapo ndipo mambo huharibika.

Kuna jambo lingine ambalo wenye kasi hawalijui mpaka waambiwe. Mwenye kasi anafika juu ya kilima, anashuka, anakunywa maji, anapiga picha bonde, anatafuna ndizi. Dakika kumi zimepita. Mwenzake anaibuka, uso umeiva, na kabla hajatia mguu chini anasikia, "Haya, twende!" Aliyehitaji kupumzika hakupumzika hata kidogo, na aliyepumzika hakuhitaji. Likirudiwa mara tano kwa siku, urafiki unaingia ufa na hakuna anayejua kwa nini. Kanuni iwe kwamba mapumziko huanza kuhesabiwa pale wa mwisho anapofika. Na kwenye kila njia panda, hata iwe inaonekana wazi namna gani, aliyetangulia asimame mpaka waonane kwa macho. Milima ya kule ina vijia vingi vya mashambani vinavyofanana na barabara.

Kama damu yake inataka kukimbia, na ya waendeshaji wa kweli hutaka, mpe siku ya kwanza. Mombo hadi Lushoto ni lami, watu wako njia nzima, simu inashika. Aende kwa nguvu zake zote, mkutane Soni penye maporomoko, halafu mkutane tena Lushoto. Atakuwa ametoa kiu yake, na siku ya pili, ambayo ndiyo yenyewe, mtakuwa pamoja.

Maandalizi yako. Una bahati kuliko unavyojua, kwa sababu Tanga ina vitu viwili unavyovihitaji. Cha kwanza ni kusi. Kati ya Juni na Agosti toka asubuhi uelekee Pangani ukiwa unakwenda kusini, upepo utakukabili mfululizo, na saa mbili za upepo wa usoni hufundisha mwili kitu kilekile kinachofundishwa na mlima mrefu: kusukuma bila kupumzika, kwa nguvu ya kati, bila hasira. Cha pili ni Amani. Barabara ya kutoka Muheza kwenda hifadhi ya Amani inakupeleka kutoka tambarare hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, ina vumbi, ina mawe, ina kona. Ukiweza kwenda Amani Jumamosi, ukalala, na Jumapili ukaendesha tena saa tatu ukiwa na miguu iliyochoka, uko tayari kwa Mtae.

Usifike huko kwa pupa. Sasa hivi Jumapili zako ni za saa mbili hivi. Ongeza nusu saa kila wiki, wiki tatu mfululizo, kisha ya nne punguza mwili upate kujijenga, halafu uendelee, mpaka ufikie saa sita juu ya kiti. Katikati ya wiki vipindi viwili vinatosha. Kimoja kiwe cha kwenda kazini kwa njia ndefu ukiwa unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Kingine kiwe cha dakika kumi kumi za nguvu, mara tatu au nne, nguvu ya kiasi kwamba unaweza kutoa maneno matatu manne tu. Mengi zaidi ya hapo kwa mtu mwenye kazi na familia huleta magoti mabovu. Mwezi mmoja kabla ya Nane Nane muombe shemeji aje Tanga, mwende Amani pamoja, mkiwa na mizigo ileile na mpangilio uleule. Hayo ndiyo majaribio ya kweli. Mtajua kama namba zinatajwa, kama anasimama njia panda, kama kiti chako kinakuumiza baada ya saa nne. Ni heri myajue Amani kuliko katikati ya msitu wa Magamba.

Chakula ndicho kinachowaangusha wengi, tena wenye mazoezi. Mwili una akiba ya wanga ya kutosha kwa kazi nzito ya saa moja na nusu hadi mbili hivi. Baada ya hapo unaishi kwa unachoingiza, na ukichelewa kuingiza, nguvu hukatika ghafla: mikono inatetemeka, jasho linakuwa la baridi, mtu anakuwa mkimya au mkali bila sababu. Kwa safari kama hii kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa kuanzia saa ya kwanza, ukiwa huna njaa hata chembe. Ndizi moja ya ukubwa wa kati ina karibu gramu 25. Tende mbili tatu, kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, nusu chapati, andazi; vyote vinafaa na vyote vinapatikana. Soda ya chupa ya kioo ina karibu gramu 35 za sukari, na dukani kijijini mchana ni msaada wa haraka. Karanga ni nzuri jioni, njiani zinachelewa tumboni. Maji, kati ya nusu lita na robo tatu ya lita kwa saa, zaidi kidogo pale Mombo kwenye joto, na pakiti moja ya ORS kwenye lita moja mara moja kwa siku itarudisha chumvi. Usijilazimishe maji kupita kiu. Maji mengi mno bila chumvi nayo yanaleta ugonjwa, na ni hatari kweli. Vidonge vya kusafishia maji mbebe.

Mwenzako naye umtazame. Shemeji mwenye nguvu anayesahau kula kwa sababu mwendo ni mwepesi kwake anaweza kuwa yeye atakayeishiwa saa nane mchana.

Baiskeli. Umesema iko vizuri. Mpelekee fundi hata hivyo, na umwambie inakwenda wapi. Pedi za breki zikikaribia kuisha badilisha sasa. Gia nyepesi kuliko zote iwe inaingia bila kusitasita, maana hiyo utakaa nayo siku nzima. Tairi zenye tyubu, kwa mtu wa kilo 75 hivi na tairi pana ya mlima, upepo wa karibu PSI 30 kwenye kipimo cha pampu unatosha: ukizijaza ngumu kama za lami utarushwarushwa na mawe mpaka viganja vife ganzi.

Kuna kitu kidogo cha kukitazama kwa karibu. Nyuma upande wa kulia, mashine ya kubadilisha gia imeshikwa kwenye fremu na kipande cha alumini kisichozidi urefu wa kidole. Kimetengenezwa laini makusudi, ili baiskeli ikianguka kipinde chenyewe badala ya fremu. Kikipinda kidogo hutakiona. Utaona tu kwamba ukiweka gia nyepesi kabisa, mashine inaelekea ndani na kugusa spoki. Usiendelee kukanyaga. Ikiingia kwenye spoki inang'oka, na hapo safari imekwisha. Baiskeli nyingi zina umbo lao la kipande hiki, hivyo cha shemeji huenda kisiingie kwako. Kitafute cha kwako Arusha au Dar mapema, ukibebe kimoja. Ubebe pia kiungo cha kuunganishia cheni iliyokatika.

Na muulizane kuhusu tyubu. Ringi zenu ni saizi moja? Pua za tyubu ni zilezile? Pua nene, ya aina ya pikipiki, fundi yeyote wa bodaboda atakujazia. Pua nyembamba pampu zao haziishiki, lakini kuna kiungio kidogo cha shaba cha kuivalia, bei yake haifiki ya soda mbili, na ukikisahau unaweza kukosa upepo ukiwa mbele ya kompresa inayonguruma. Ikibidi kabisa, tyubu ya 26 inayouzwa madukani vijijini huvutika na kuingia kwenye ringi kubwa zaidi, ikakufikisha unakokwenda.

Siku ya pili amkeni mapema, mle uji na viazi au chapati na chai, na saa 12 na nusu asubuhi muwe barabarani. Jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni, kwa hiyo mna saa 12. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa ni saa sita za kuendesha. Ongeza saa mbili na nusu za kusimama, kula, pancha na kusalimiana na watu, maana Usambara hupiti watu bila salamu. Mtabakiwa na saa tatu na nusu za akiba, nazo mzitunze. Kilima cha kwanza cha kupandia Magamba ndicho kinachodanganya: asubuhi ni baridi, miguu ni mipya, mtu anasukuma. Wewe kaa kwenye namba nne. Msitu wa Magamba una ukungu, na ukifika juu ukiwa umelowa jasho utatetemeka ndani ya dakika tano, kwa hiyo koti la upepo livaliwe kabla ya kushuka, usingoje baridi ikuingie. Inueni macho juu kwenye miti, mbega weusi wenye manyoya meupe wako pale. Mkitaka kuingia njia za ndani ya msitu badala ya kufuata barabara, pitieni kwanza ofisi ya hifadhi mlipie.

Wekeni saa ya kugeuzia mambo. Mimi ningesema hivi: ikifika saa 6 mchana hamjapita Lukozi, ule mji wa soko, Mtae si ya leo. Tafuteni pa kulala njiani, kesho mgeuze. Kila mmoja awe na haki ya kusema "tuishie hapa" na mwenzake asimuulize mara mbili. Haki hiyo iwe sawa kwa wote wawili, ingawa nguvu hazilingani.

Miteremko sasa, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Kwenye kushuka mgeuze mpangilio: mwenye uzoefu mbele, wewe nyuma, na muachiane nafasi ya sekunde tano au zaidi, kwenye vumbi hata kumi, ili uone shimo kabla hujaingia. Usimfuate kasi yake. Simama juu ya pedali, magoti yakunjike kidogo, viwiko vilegee, uzito urudi nyuma kidogo, na macho yatazame unakotaka kwenda badala ya jiwe unaloliogopa. Breki zikamatwe zote mbili, kwa kukaza na kuachia, kukaza na kuachia. Ukizishika muda wote zinapata moto na kupoteza nguvu. Ile lami ya Soni hadi Mombo siku ya mwisho inavutia kuachia baiskeli ijiendee. Usiachie. Kona zake ni za kujikunja na malori ya Fuso yaliyojaa kabichi yanapita humo, mengine yakichukua barabara nzima kwenye kona. Kaeni kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, msimame Soni mpoze breki, na usiguse diski kwa kidole, itakuunguza.

Helmeti kila mmoja, kwenye lami na kwenye vumbi. Mtu akianguka akapiga kichwa, kisha akawa anarudia swali lilelile, au hakumbuki walikula wapi asubuhi, au anatapika, siku hiyo haendeshi tena hata akiapa yuko sawa. Apelekwe hospitali ya wilaya Lushoto. Bega likiuma na mkono haunyanyuki, mfungieni mkono kifuani kwa kanga au shati na mtafute gari. Mkihisi shingo au mgongo umeumia, asipakizwe kwenye bodaboda. Asogezwe kidogo iwezekanavyo, mwenzake akae naye na kutuma mtu kijijini kuita gari, au apige 112 kama simu inashika. Kwa sababu hiyo simu zenu mbili zisiishiwe chaji siku moja kwa kupiga video. Moja iwe imezimwa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka Mtae.

Ukishafika Mtae, weka baiskeli kwanza mahali pa kulala, ule, ubadilishe nguo zilizolowa, halafu mwende mkatazame tambarare za Mkomazi zikiwa chini yenu kabla jua halijazama. Kisha rudini mkague baiskeli kwa tochi: pedi za breki, spoki, kile kipande cha alumini. Kesho yake vilima vyote mlivyoshuka mtavipanda, na utaanza wewe mbele.